Mudhairib: Mji Mdogo wa Oman Wenye Athari za Afrika Mashariki

Mabela ni mtaa mkubwa ulioko katika wilaya ya Seeb, mkoani Muscat, upande wa magharibi wa uwanja wa ndege wa mji mkuu huo wa Oman. Mtaa huo hauna ngome ya kutajika wala jumba la kale. Ulipanuka katika miongo ya hivi karibuni, baada ya serikali kuwagawia raia viwanja vya makazi, na barabara zake zimejaa nyumba nyeupe za ghorofa mbili, karakana za magari na maduka ya vifaa vya ujenzi. Hata hivyo, kuna jambo moja linalomshangaza mgeni anayefika huko kwa mara ya kwanza. Katika mikahawa na mabaraza ya Mabela, Kiswahili husikika sambamba na Kiarabu, na mara nyingi ni Kiswahili cha Unguja cha zamani, ambacho hata huko Unguja kwenyewe hakisikiki sana siku hizi.

Majirani huwaita wazungumzaji hao "Wazanzibari", hata kama wengine walizaliwa Tabora, Mombasa au Bujumbura. Lakini wenyewe wakiulizwa asili yao, hutaja mahala pengine kabisa, na aghalabu ni mji ambao babu wa babu yao aliuhama akiwa kijana, akapanda jahazi, na asirudi tena. Baadhi yao hutaja Nizwa, wengine Rustaq, na wengi hutaja miji ya Sharqiya, yaani eneo la mashariki mwa Oman. Makala hii inazungumzia mmoja wa miji hiyo ya Sharqiya. Ni mdogo, haujulikani sana na watalii, lakini historia yake haiwezi kutenganishwa na ile ya Zanzibar, Tabora na Pangani. Mji huo ni Mudhairib, ulioko katika wilaya ya al-Qabil, mkoa wa Sharqiya Kaskazini.

Safari ya gari kutoka Mabela hadi Mudhairib huchukua kiasi cha saa mbili. Barabara huiacha pwani na kuelekea kusini hadi Fanja na Bidbid, ambako ngome ya zamani inalinda bonde, kisha huingia katika milima mikavu ya rangi ya kahawia. Baada ya kuivuka milima hiyo, nchi hufunguka na kuwa uwanda mpana wenye vilima vilivyotawanyika. Mji mkubwa wa kwanza huko ni Ibra, ambao ni makao makuu ya mkoa huo. Mudhairib uko mbele yake kwa kiasi cha kilomita 20 na ushei, na mbele zaidi ya hapo, baada ya Bidiya, huanza mchanga wa jangwa la Sharqiya, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la Wahiba.

Mudhairib hauna ziwa wala mto. Umekaa baina ya vilima vya mawe vyeusi, na juu ya vilima hivyo kuna minara ya ulinzi ambayo mtu huiona kutoka mbali kabla hajaona nyumba hata moja. Minara hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Katika zama ambapo kabila moja lilikuwa likiishambulia mitende na maji ya kabila jingine, mlinzi aliyekuwa juu ya kilima aliweza kuona vumbi la ngamia mapema, akapiga bunduki, na watu waliokuwa mashambani wakapata muda wa kukimbilia ndani. Chini ya minara ndipo zilipo nyumba za mji mkongwe, na chini ya nyumba hizo kuna mitende.

Siri ya mji kuweza kuishi katika ardhi kavu kama hiyo ni falaj. Falaj ni mfereji unaoyaleta maji kutoka kwenye chemchemi au kisima mama kilichochimbwa karibu na milima, na kuyapitisha chini ya ardhi kwa mteremko mdogo sana, wakati mwingine kwa kilomita kadhaa, hadi yanapotokea juu karibu na mji. Hakuna pampu wala gurudumu. Yote hufanywa na mteremko, na kosa dogo la fundi katika kuupima lingeweza kuharibu kazi ya miaka mingi. Maji yanapoingia mjini hufuata utaratibu usiobadilika: kwanza watu huteka ya kunywa, kisha hufika mahala pa kutawadhia na kuogea, na mwisho huingia mashambani. Kila mwenye shamba ana zamu yake, ambayo hupimwa kwa kipimo kinachoitwa athar, karibu sawa na nusu saa. Mchana zamu hizo zilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, na usiku kwa nyota. Inafaa kuashiria hapa kwamba mwaka 2006 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiingiza mifereji mitano ya Oman katika orodha ya Turathi za Dunia. Falaj ya Mudhairib haimo miongoni mwa hiyo mitano, lakini inafanya kazi kwa kanuni zilezile.

Nyumba za mji mkongwe ndizo zinazowavutia zaidi watafiti. Ni nyumba ndefu za mawe na udongo, baadhi zikiwa na ghorofa mbili au zaidi, zenye kuta nene na madirisha machache upande wa chini. Zinafanana na ngome kuliko makazi. Chumba cha kupokelea wageni huwa juu, ambako hewa hupita vizuri, na katika kuta kuna matundu membamba ya kutolea mtutu wa bunduki. Kuta zimepakwa lipu ngumu inayoitwa saruj. Ili kuipata, mafundi huchoma mabonge ya udongo kwa magogo ya mitende, huyasaga, na kuchanganya unga wake na chokaa. Msikilizaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa zaidi, kwani neno saruji, ambalo leo hutumika kwa maana ya sementi ya kiwandani, lina asili hiyohiyo.

Neno jingine linalounganisha pwani mbili hizo ni sabla. Katika Mudhairib, kila ukoo mkubwa ulijenga sabla yake, yaani ukumbi wa pamoja ambamo wanaume wa ukoo hukutana kunywa kahawa, kupokea wageni, kusuluhisha magomvi, kufunga ndoa na kukaa matanga. Kumbi hizo zimejengwa kwa uangalifu mkubwa, na watafiti waliochapisha uchunguzi wao kuhusu usanifu na historia ya jamii ya Mudhairib mwaka 1977 walizitilia maanani kwa sababu zinaonyesha jinsi mji mdogo ulivyoweza kujiongoza bila ya gavana wala polisi. Chumba cha wageni ambacho Mswahili hukiita sebule kinanasibishwa na sabla hiyo. Kwa hakika tofauti ni moja tu: sebule ni ya nyumba, ilhali sabla ni ya ukoo mzima na hakuna mtu mmoja anayeweza kuifunga.

Milango nayo ina hadithi yake. Baadhi ya nyumba za Mudhairib zina milango ya mbao nzito iliyonakshiwa maua na maandishi ya Kiarabu, na katikati yake umesimama mfaa, ule mti wa wima unaopokea mbawa mbili za mlango. Mtu aliyewahi kutembea Mji Mkongwe wa Zanzibar huhisi kuwa ameiona milango hiyo kabla. Wataalamu wamejadiliana sana ni upi kati ya miji hiyo uliomfundisha mwenzake kazi ya nakshi, na huenda mjadala huo wenyewe hauna maana kubwa. Mbao za msaji zilitoka India, boriti za mikoko zilisafirishwa kutoka Lamu na Rufiji, mafundi walisafiri, na matajiri walioagiza kazi hiyo walikuwa na nyumba pande zote mbili za bahari.

Swali linalojitokeza ni hili: mji mdogo wa wakulima wa tende ulipata wapi fedha za kujenga majumba kama hayo? Jibu liko Afrika Mashariki.

Wakaazi wengi wa Mudhairib ni wa kabila la Harth, ambalo kwa Kiswahili watu wake huitwa Waharthi. Makazi yao ya asili ni Sharqiya, katika miji ya Ibra, al-Qabil na Mudhairib. Baada ya Waomani chini ya ukoo wa Yaarubi kuwafukuza Wareno kutoka Muscat mwaka 1650, na kisha kuiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, njia ya bahari ya kwenda Afrika Mashariki ilifunguka kwa watu wa bara ya Oman. Waharthi walikuwa miongoni mwa Waarabu wa mwanzo kuweka makazi Zanzibar, na walikuwepo huko kabla ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia utawala wake kisiwani humo katika karne ya 19. Walisafiri kupitia bandari ya Sur. Jahazi liliondoka na upepo wa kaskazi, ambao huanza kuvuma karibu na mwezi wa Novemba, na kurejea na kusi, baada ya mwezi wa Aprili. Kwa hiyo mtu aliyekwenda Zanzibar hakuweza kurudi kabla ya miezi kadhaa, na wengi walipokwishaoa na kununua shamba huko, miezi iligeuka miaka.

Kwa kuwa Waharthi walitangulia, hawakuwa wepesi wa kuinamisha vichwa mbele ya masultani wa ukoo wa Busaid. Mwaka 1859, miaka mitatu baada ya kifo cha Sayyid Said, walimuunga mkono mwanawe Barghash alipomwasi kaka yake Sayyid Majid. Waasi walijizatiti katika shamba la Marseilles, nje ya mji wa Zanzibar, na uasi huo ulizimwa kwa msaada wa wanamaji wa Uingereza. Barghash alipelekwa Bombay, na alikuja kutawala mwaka 1870 baada ya kufariki kaka yake. Binti wa Sayyid Said, Salme, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, alikuwa katibu wa waasi hao na ameyaeleza mambo hayo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886.

Wengine waliingia bara. Mwaka 1857, wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwenyeji wao alikuwa Mharthi aitwaye Snay bin Amir. Burton anaeleza kuwa mtu huyo alianza maisha yake Muscat akiwa muuza halua, na katika muda wa miaka 16 alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe za ndovu na watumwa katika bara hilo. Ni yeye aliyewafahamisha Waingereza hao kwamba lile walilodhani kuwa ziwa moja kubwa lilikuwa kwa hakika ni maziwa kadhaa mbalimbali. Mwaka 1858 Speke alifuata maelezo hayo, akaelekea kaskazini, na kufika kwenye ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza na yeye akalipa jina la malkia wake, Victoria. Vitabu vya Ulaya vimemkumbuka Speke. Snay aliuawa miaka michache baadaye katika vita dhidi ya Mtemi Manwa Sera wa Unyanyembe, na ni wachache mno wanaomtaja.

Mharthi mwingine jina lake linafahamika kwa kila mwanafunzi wa Tanzania. Naye ni Abushiri bin Salim al-Harthi, ambaye mwaka 1888 aliongoza upinzani wa watu wa Pangani na Bagamoyo dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyokuwa imejitwalia pwani. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann na jeshi la mamluki, na Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Disemba 1889.

Haifai kupita hapa bila ya kusema wazi ni mali gani iliyojenga majumba ya Sharqiya. Ilikuwa ni mali ya karafuu na pembe za ndovu, na karafuu hizo zilipandwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara kwa misafara ileile iliyobeba pembe. Baadhi ya watumwa walivushwa bahari hadi Oman yenyewe, wakafanya kazi katika mitende na katika mifereji. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa visiwani humo mwaka 1897. Kwa hivyo mgeni anayeistaajabia nakshi ya mlango wa Mudhairib anapaswa kuwakumbuka pia watu ambao majina yao hayakuandikwa juu yake. Simulizi za kifamilia mara nyingi huliruka jambo hilo, na si vigumu kuelewa kwa nini.

Fedha za Zanzibar hazikujenga nyumba tu. Zilinunua pia bunduki. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kiongozi wa Waharthi, Sheikh Salih bin Ali, aliyekuwa na makao yake al-Qabil, alikuwa mwiba kwa masultani wa Muscat. Februari 1895 wapiganaji kutoka Sharqiya, wakiongozwa na mwanawe Abdullah, waliingia Muscat na kuukalia mji kwa wiki kadhaa, huku Sultan Faisal akijihifadhi ngomeni. Waingereza walishuku kwamba Sultani wa Zanzibar wa wakati huo, Hamad bin Thuwaini, alikuwa na mkono katika tukio hilo. Sheikh Salih aliuawa mwaka uliofuata, na uongozi ukaja kushikwa na mwanawe mwingine, Isa bin Salih.

Hapa ndipo historia ya Mudhairib inapokutana na wilaya ya Seeb, ambamo Mabela imo leo. Mwaka 1913 makabila ya bara ya Oman yalimchagua Imamu, na nchi ikawa na tawala mbili: Imamu bara, na Sultani pwani. Baada ya miaka ya mapigano, tarehe 25 Septemba 1920 wajumbe walikutana Seeb. Sheikh Isa bin Salih ndiye aliyezungumza kwa niaba ya upande wa bara, na mpatanishi alikuwa mwakilishi wa Uingereza mjini Muscat, Ronald Wingate. Mkataba wa Seeb ulikubaliana kwamba bidhaa zinazotoka bara hazitatozwa zaidi ya asilimia 5 katika miji ya pwani, kwamba watu wa bara watakuwa na amani na uhuru wa kuingia na kutoka huko, na kwamba nao hawataishambulia pwani wala kuwahifadhi wahalifu. Kwa mfanyabiashara wa Mudhairib, maana yake ilikuwa kwamba tende zake zingeweza kufika bandarini, na barua na fedha kutoka Zanzibar zingeweza kumfikia. Utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1955, majeshi ya Sultan Said bin Taimur yalipoingia Nizwa.

Pigo kubwa kwa mji huo halikutoka Muscat. Lilitoka Zanzibar. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yaliiangusha serikali ya Zanzibar, Waarabu kwa maelfu waliuawa au kufukuzwa, na mashamba ya karafuu yakataifishwa. Fedha zilizokuwa zikivuka bahari kwa zaidi ya karne moja zilikatika. Waliokimbia walielekea Dubai, Cairo, Kuwait na Uingereza, kwa sababu Oman ya Sultan Said bin Taimur haikuwafungulia milango wote. Waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Zanzibar, Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, ambaye ukoo wake ni tawi la Waharthi, alikaa gerezani Tanzania bara kwa takriban miaka 10. Baadaye aliifasiri Qur'ani Tukufu kwa Kiswahili, na alifariki dunia Muscat mwaka 2006.

Mambo yalibadilika tarehe 23 Julai 1970, Sultan Qaboos bin Said alipochukua madaraka na kuwaita Waomani wa nje warudi nyumbani. Nchi ilikuwa na shule chache mno, na waliotoka Afrika Mashariki walikuwa wamesoma, wanajua Kiingereza, na wana ujuzi wa udaktari, ualimu, uhasibu na uhandisi. Walijaza nafasi katika wizara, hospitali, benki na kampuni ya mafuta. Lakini kulikuwa na sharti. Aliyeomba uraia alitakiwa kuthibitisha kwamba ukoo wake ni wa Oman, na uthibitisho huo ulitoka kwa sheikh wa kabila lake. Kwa hivyo kijana aliyezaliwa Ng'ambo, aliyekua akicheza mpira Mnazi Mmoja na asiyejua Kiarabu cha kutosha, alilazimika kufika katika mji kama Mudhairib, kukaa katika sabla mbele ya wazee, na kutaja majina ya babu zake mmoja baada ya mwingine, hadi pale mzee mmoja atakapotikisa kichwa na kusema kwamba anamjua huyo. Majina ambayo bibi alimkaririsha utotoni, na ambayo pengine aliyaona kuwa ni mambo ya kizee, ndiyo yaliyompatia pasipoti.

Baada ya hapo wachache sana walibaki huko. Kazi zilikuwa Muscat, na viwanja vilitolewa Seeb, Khuwair na baadaye Mabela. Hata wenyeji wa Mudhairib ambao hawakuwahi kuhama nao waliondoka katika mji mkongwe, wakajenga nyumba mpya za matofali karibu na barabara, zenye umeme, viyoyozi na mahala pa kuegesha gari. Nyumba ya udongo ikikosa mtu ndani yake haidumu. Lipu ya paa ikipasuka, mvua moja kubwa hutosha kuingiza maji ukutani, boriti huoza, na dari huanguka. Baadhi ya majumba ya Mudhairib yamekwishafikia hali hiyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hayatengenezwi, wakati Oman imekarabati ngome nyingi kwa ustadi mkubwa tangu miaka ya 1970. Ngome ni mali ya serikali. Nyumba ni mali ya warithi, na hilo ndilo fundo lenyewe. Chukua mfano wa mtu aliyefariki mwaka 1890 akiacha watoto 5. Ikiwa kila mmoja wao naye aliacha watoto 5, kizazi kilichofuata ni watu 25, na kinachofuata ni 125. Kila mmoja ana fungu lake katika nyumba ileile kwa mujibu wa sheria ya mirathi, na baadhi wako Mabela, wengine Dubai, London au Zanzibar, na wengine hawajui kabisa kuwa wana fungu. Anayetaka kuezeka upya paa hawezi kupata idhini ya wote, na anayetaka kuuza hawezi vilevile. Mwizi wa milango haombi idhini ya mtu. Milango ya kale ina soko kwa wauza vitu vya kale, na nyumba iliyopoteza mlango wake huanza kugeuka zizi la mbuzi. Sheria ya kulinda turathi ya mwaka 1980, na ile iliyochukua nafasi yake mwaka 2019, zinakataza uharibifu, lakini sheria haiwezi kupaka saruj.

Italia kuna mji mdogo unaoitwa Castel Gandolfo, uliojengwa kilimani juu ya Ziwa Albano, ambako Mapapa walikuwa wakipumzika wakati wa joto tangu karne ya 17. Mwaka 2016 kasri ya huko iligeuzwa jumba la makumbusho lililo wazi kwa watu wote, na kilichohitajika kilikuwa uamuzi wa Papa mmoja. Mudhairib haina mwenye mali mmoja wa kuamua. Mfano ulio karibu zaidi nayo ni kijiji cha Misfat al-Abriyin, katika milima ya al-Hamra, ambako wenyeji wenyewe walikubaliana kugeuza baadhi ya nyumba zao za kale kuwa nyumba za wageni, na mwaka 2021 Shirika la Utalii Duniani likakitangaza kuwa miongoni mwa vijiji bora vya utalii. Wakaazi wa Misfat, hata hivyo, ni wa ukoo unaoishi hapohapo, na si waliotawanyika katika mabara matatu.

Juu ya yote hayo, Mudhairib si mji uliokufa. Falaj inatiririka, mitende inavunwa, na katika Sharqiya yote kipindi cha kiangazi ni wakati wa tende za mabsili, ambazo huchemshwa katika masufuria makubwa na kuanikwa juani, kisha kusafirishwa, wateja wake wakubwa wakiwa India. Sabla bado hufunguliwa kwa harusi na matanga, na siku za Idi magari yenye kuja kutoka Mabela na Seeb huegeshwa hadi ukingoni mwa mitende. Wazee huzungumza Kiarabu cha Sharqiya, na wageni wao hujibu kwa Kiarabu cha mjini, lakini wanapogeukia watoto wao kuwakemea wasichezee maji ya falaj, mara nyingi Kiswahili ndicho kinachotoka.

Kwa anayetaka kuizuru Mudhairib, wakati mzuri ni kati ya Novemba na Machi, kwani majira ya kiangazi joto la huko hupindukia nyuzi 40. Safari ikipangwa siku ya Jumatano, inafaa kusimama kwanza Ibra asubuhi, ambako siku hiyo kuna soko la wanawake watupu, wauzaji na wanunuzi, na wanaume hawaruhusiwi kuingia. Huko Ibra kuna pia mitaa ya kale ya al-Munisifa na al-Qanatir, yenye majumba ya mali ileile ya Zanzibar. Katika Mudhairib yenyewe hakuna tikiti wala vibao vya maelezo mbele ya nyumba. Inambidi mgeni amtafute mzee aliyekaa kivulini karibu na mfereji, amsalimie, akubali kahawa na tende, na aulize nyumba ile ilikuwa ya nani. Naye mzee, kabla ya kujibu, atamuuliza kwanza jina la babu yake.